Oili Yako Inakwenda Wapi?

Maneno niliyoyasema mbele ya wavuvi, wenye boti na mafundi wa mashine kando ya Bwawa la Mtera, upande wa Dodoma. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nikipunguza pale nilipojirudia.

Mbukwenyi! Na ninyi mliovuka kutoka upande wa Iringa, kamwene! Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wenye boti, nafurahi kuwaona mmekaa mbele, kwa sababu pesa inayoteketea kwenye mashine mara nyingi ni yenu, na maamuzi mnaachiwa muyasikie tu baadaye.

Nimeombwa niongelee mashine za boti za mtumba zinazokula oili. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Kuna mama mmoja wa hapahapa bwawani aliyenunua fostroki, yaani mashine yenye oili yake ya kukaa chini, ya nguvu farasi 15, iliyotoka pwani. Ilikuwa inawaka vizuri na inasukuma vizuri, lakini kila baada ya safari tatu alikuwa anaongeza nusu lita ya oili. Mashine ya ukubwa ule haibebi hata lita 2. Ukipoteza nusu lita umepoteza zaidi ya robo ya damu yake. Akaniita. Mimi nikaiwasha asubuhi, nikaona moshi kidogo, nikasema palepale: mama, hizi ni ringi, zile pete za chuma za pistoni. Nikafungua.

Nilipozitoa ringi za zamani nikaziingiza moja moja ndani ya silinda na kupima mwanya wake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Mwanya ulikuwa sawa. Silinda haikuwa na mchubuko, ukipitisha ukucha haukwami. Hapo ndipo ningesimama. Sikusimama. Nilishamwambia mwenye mali kuwa ni ringi, na ringi mpya zilishanunuliwa mjini Dodoma, nikazifunga. Wiki ya pili yule mama akarudi na chupa yake ya oili mkononi. Inakula vilevile.

Safari hiyo ndipo nilipofanya jambo nililotakiwa kulifanya siku ya kwanza. Nilichukua pipa lililokatwa nusu, nikaliosha kwa sabuni hadi likang'aa, nikalijaza maji safi, nikaifunga mashine humo na kuiacha iungurume dakika 15. Nilipoizima, juu ya maji palikuwa na utando wa rangi za upinde wa mvua, na katikati yake matone ya kahawia. Ile oili haikuwa inaungua hata kidogo. Ilikuwa inashuka kupitia sili ya chini ya krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inateremka ndani ya mguu wa mashine na kutoka na maji. Kwa nje huoni kitu, mashine imekauka kama imetoka dukani. Sili yenyewe ni kipande cha mpira kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto.

Nilimrudishia ufundi wote niliomtoza. Siku alizokaa bila kuingia majini, wakati perege wanatoka vizuri, sikuwa na namna ya kumrudishia.

Kwa hiyo jambo nililolibeba leo ni hilo moja: usishike spana kabla hujajua oili inatokea njia gani. Oili haiyeyuki hewani. Ama inaungua ndani ya silinda, ama inavuja, ama hukupoteza kitu, ila umeipima vibaya. Na niwaambie kwa uzoefu, hiyo ya kupima vibaya ni nyingi kuliko mnavyodhani.

Kwanza tuwatenge ndugu wawili ambao watu wanawachanganya. Tustroki haina oili ya kukaa chini. Oili yake inachanganywa na petroli, inalainisha, kisha inaungua na kutoka kama moshi. Hiyo ndiyo kazi yake. Mtu asije akaniambia tustroki yake "inakula oili" kwa sababu inatoa moshi. Swali la tustroki ni kipimo tu. Mashine nyingi za tustroki za siku hizi zinataka petroli 50 kwa oili 1, yaani mililita 20 kwa kila lita, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Za zamani kuna zilizotaka karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo soma kibandiko au kitabu cha mashine yako, usisome cha jirani. Sasa hapa bwawani wengi mnapimia chupa ya soda. Chupa ya soda ni mililita 350, haifiki. Mwingine akiogopa anatia chupa mbili, mililita 700, kisha analalamika plagi zinakufa kila wiki na oili nyeusi inachuruzika nyuma. Hiyo si mashine mbovu. Nunueni kopo lenye mistari, ni kitu kidogo sana.

Na kama tustroki yako ina tenki lake la oili linalochanganya lenyewe, kisha wewe unachanganya tena kwenye dumu kwa sababu hulijui, mashine inakunywa mara mbili. Nimeiona hiyo kwa kijana aliyenunua mashine bila kitabu. Alikuwa anabadilisha plagi tu, mwezi mzima.

Oili ya tustroki za boti ni ile iliyoandikwa TC-W3. Msitie oili ya gari kwenye petroli, inaacha majivu juu ya pistoni na kwenye plagi. Na ile TC-W3 msiimwage ndani ya fostroki, haikutengenezwa kukaa chini na kuzunguka miezi. Nimemaliza habari ya tustroki.

Kuanzia hapa nasema fostroki.

Kupima. Vijana, nani kati yenu anapima oili mashine ikiwa imeinamishwa, propela iko juu ya maji? Naona mikono inasita. Stiki ya kupimia oili inasema kweli pale tu mashine imesimama wima. Ukiwa umeiinamisha, oili inakimbilia upande mmoja, stiki inatoka kavu, unaongeza. Kesho unapima wima, unakuta imejaa kupita alama. Na ikijaa kupita alama, krankshafti inaipiga, inafanya povu, inasukumwa kwenye bomba la kupumulia na kuingia njia ya hewa, inaungua, moshi unatoka. Unasema inakula oili! Umeilisha kwa mkono wako mwenyewe.

Pima hivi: asubuhi, boti imetulia, mashine wima, haijawashwa. Toa stiki, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka mwisho, itoe tena, soma. Kila siku namna ileile na saa ileile. Kama umeizima sasa hivi, iache kwanza oili ishuke.

Halafu andika. Mashine zetu ndogo hizi hazina mita ya saa, lakini zina kitu cha kuhesabu: dumu. Chukua daftari la shule, andika leo nimejaza oili mpaka alama ya juu, na kila dumu la petroli linapoisha piga mstari. Baada ya madumu matano pima tena, na oili unayoongeza uipime kwa lile kopo lenye mistari mpaka ifike alama. Hapo sasa unayo hesabu: mililita kadhaa kwa lita 100 za petroli. Rudia mara ya pili na ya tatu. Hesabu ikibaki palepale na ni ndogo, mashine nyingi zinakula kidogo na ni kawaida, hasa zikikimbizwa kwa gesi yote mchana kutwa. Hesabu ikipanda kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, kuna kitu kinakufa. Mtu akiniletea daftari la namna hiyo namshukuru kwa mikono miwili. Akiniletea maneno "inakula sana fundi", inanibidi nianze upya.

Kuna jambo hapa nataka tulikalie kidogo, kwa sababu hata mafundi linatupita. Oili inaweza kupanda. Ndiyo, kupanda, bila mtu kuongeza. Ukivua kwa mwendo wa taratibu muda mrefu, unazifuata nyavu, mashine haipati joto lake. Au kile kidude cha kuzuia maji mpaka injini ipate moto, themostati, kimekwama wazi, au fundi alikitoa akakitupa, na injini inafanya kazi ikiwa baridi siku zote. Petroli haiungui yote. Inateleza pembeni ya pistoni, inashuka kwenye oili. Stiki inaonyesha imejaa, wewe unafurahi. Kisha siku moja unakwenda mbali, unakimbiza mashine kwa nguvu, oili inapata moto, ile petroli inageuka mvuke na kuondoka. Jioni unapima: imeshuka sana. Unashtuka unasema mashine imeanza kula oili leo. Haijala kitu. Imetoka petroli iliyokuwa imejificha.

Namna ya kuijua ni rahisi. Nusa stiki. Oili yenye petroli inanuka petroli, na ukiisugua kati ya vidole viwili inateleza kama maji, haina ule unato. Oili ya namna hiyo hailindi kitu, ibadilishe, kisha tafuta themostati.

Na ukitoa stiki ukakuta rangi ya chai ya maziwa, hayo ni maji. Hapo usiwashe tena. Hata safari moja ya kurudi nyumbani usiwashe.

Sasa tuje kwenye kuvuja. Anza kwa macho: nati ya kumwagia oili, filta, gasketi ya kifuniko cha valvu. Futa kila mahali kwa petroli kidogo na kitambaa, washa, angalia panapolowa kwanza. Oili inatembea kwa upepo na mtikisiko, kwa hiyo pale inapochuruzika sipo inapotokea. Fuata juu.

Nje pakiwa pakavu, ndipo pipa. Nimeshalieleza, na leo mtaliona. Toeni propela kwanza kabla hamjaifunga mashine kwenye pipa, kidole cha mtu hakina kipuri. Maji yafike juu ya tundu zinazovuta maji, vinginevyo mnaua impela, ile feni ndogo ya mpira ndani ya pampu ya maji. Na pipa lioshwe kwelikweli, maana pipa lililokuwa na mafuta litawadanganya. Kwa fostroki, maji yakibaki safi baada ya dakika 15, kuvuja kwa chini kuna uwezekano mdogo. Yakionyesha utando wenye matone ya oili, bado kuna swali moja: ni oili ya injini au ya gia? Gia ina oili yake, iko chini kabisa, haihusiani na ya juu. Oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti, ukiinusa mara moja huisahau. Fungua skrubu ya juu ya gia uone kama imepungua. Ikiwa imepungua au imegeuka nyeupe, toa propela uangalie nyuma yake kwenye shafti.

Hapo nyuma ya propela ndugu zangu, mara ngapi nimekuta uzi wa nyavu! Uzi mwembamba unajisokota pale, unapata moto, unakata sili taratibu. Maji yanaingia, oili inatoka. Kila mwezi toa propela uangalie. Ni nati moja na pini moja.

Na hili naomba niliseme kwa moyo wote. Oili inayovuja inaingia kwenye maji tunayoyachota, anayokunywa mtoto na ng'ombe, wanamokaa samaki. Bwawa hili lilijengwa miaka ya 1970 kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu kule chini, na mitambo ya hapa yenyewe ya megawati 80 ikafuata mwaka 1988. Watu wengi wanaliona kama bwawa la umeme. Sisi ni chakula chetu. Oili chafu mnapoibadilisha msiimwage ufukweni. Irudisheni kwenye dumu, waiteni wenye karakana, wanaichukua.

Sasa kuungua. Hapa nimekuja na plagi mbili, zipitisheni mkono kwa mkono, anzeni na wazee. Zote zimetoka kwenye mashine moja, silinda mbili, siku moja. Hiyo ya kwanza ncha yake ni kavu, ina rangi ya karanga iliyokaangwa. Silinda yake ni nzima. Hiyo ya pili ishikeni vizuri: nyeusi, imelowa, kidole kikiigusa kinatoka na oili. Msiichanganye na plagi nyeusi iliyo kavu kama masizi ya sufuria, hiyo ni petroli nyingi, kabureta au choki. Nyeusi ya oili inalowesha. Kwa hiyo kabla hatujafungua chochote tunajua ni silinda ya pili, na ya kwanza hatuigusi.

Moshi nao una lugha. Moshi wa bluu, si mweupe wa mvuke wa asubuhi. Ukitoka mwingi unapowasha baada ya mashine kulala, kisha ukaisha, oili ilikuwa inadondoka usiku kupitia sili za valvu. Ukitoka unapoachia gesi ghafla baada ya kukimbia, ni upande huohuo wa valvu, sili zake au gaidi zake, yaani vile vimirija vinavyoziongoza. Ukitoka mashine ikiwa na mzigo, boti imejaa, gesi yote, hapo ndipo mnapoanza kufikiria ringi. Lakini moshi ni shahidi mmoja, na mimi niliyesimama hapa nilimhukumu mtu kwa shahidi huyo mmoja. Mashine iliyosafirishwa ikiwa imelazwa upande usiotakiwa inamwaga oili kwenye silinda, ikiwashwa inatoa moshi kama inaungua yote, kumbe kesho imepona. Fikirieni mashine zetu zinavyofika huku. Zinatoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 400 mpaka Dodoma mjini, zimelazwa kwenye pikapu chini ya magunia. Kila fostroki ina upande wake wa kulazwa, mara nyingi imechorwa kwenye kifuniko. Ikikufikia, isimamishe wima usiku mzima. Toa plagi, vuta kamba taratibu mara kadhaa kabla ya kuiwasha. Ukiivuta kwa nguvu plagi zikiwa ndani na silinda imejaa oili, unaweza kuiharibu mashine.

Geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Hii hapa. Mafundi vijana, hiki ni kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya seti ya pili ya spana. Pasha mashine moto, izime. Toa plagi zote, si moja. Ondoa ile klipu nyekundu ya usalama ili isipige cheche, na waya za plagi zishikize kwenye chuma. Fungua gesi yote. Funga geji, vuta kamba mpaka mshale usipande tena. Andika. Nenda silinda ya pili, vuta idadi ileile. Namba yenyewe inategemea mashine, lakini silinda za mashine moja zinatakiwa zikaribiane. Ikitofautiana zaidi ya sehemu 10 hadi 15 kwa 100, kuna ugonjwa kwenye ile ya chini.

Kisha, kwenye ile ya chini, tia kijiko kimoja cha chai cha oili safi kupitia tundu la plagi, vuta mara mbili itapakae, pima tena. Namba ikipanda sana, ile oili imeziba mwanya wa ringi: ringi au silinda zimechoka. Namba ikibaki palepale, oili haiwezi kuziba valvu wala gasketi ya kichwa, kwa hiyo tafuta huko. Kijiko kimoja cha chai, ndugu zangu. Kinamwokoa mtu na gharama ya kuchongesha silinda ambayo haikuwa na shida.

Lakini msiniondokee na geji mkidhani inajua yote. Pistoni ya fostroki ina ringi tatu. Mbili za juu zinashika kompresheni. Ya chini kazi yake ni kukwangua oili irudi. Hiyo ya chini inaweza kuganda kwa masizi kwenye mfereji wake, isifunguke, na oili ikapanda juu na kuungua, wakati zile mbili za juu ni nzima na geji inakupa namba nzuri kabisa. Fundi anaona geji iko sawa, plagi imelowa, anachanganyikiwa. Kwa hiyo plagi imelowa, valvu ni nzima, geji nzuri: mshukiwa wa kwanza ni ringi ya oili iliyoganda. Kabla ya kufungua, jaribu dawa ya kuyeyusha masizi, imwage kupitia tundu la plagi, iache usiku kucha. Asubuhi vuta kamba plagi zikiwa nje ili itoke, badilisha oili yote maana dawa imeshuka huko, kisha tembea na mashine kwa mzigo na urudi kwenye daftari lako. Wakati mwingine inaachia. Isipoachia baada ya mara mbili, sasa fungua, na unafungua ukijua unachokwenda kukitafuta.

Mzee pale ameniuliza kabla hatujaanza, kwa nini ringi za mashine za hapa zinakufa mapema. Mzee wangu, nimelifikiria sana hilo. Moja ni tope. Mvua zikinyesha mito inaleta maji mekundu, na kina kikishuka tunapita karibu na matope na vile visiki vya miti iliyozama. Mashine inapozwa na maji inayoyavuta. Tope likiziba njia zake, joto linapanda, ringi zinapoteza mkunjuko wake na masizi yanazigandisha. Ule mrija unaokojoa maji pembeni muuangalie kila safari kama mnavyoangalia nyavu. Ukikojoa kwa matone, au maji yanatoka ya moto sana, zima. Mashine zinazotoka pwani zinakuja na lao jingine, njia za maji zimejaa chumvi iliyoganda. Maji yetu matamu hayaongezi chumvi, lakini hayaitoi ile ya zamani. Inabidi zifunguliwe na kusafishwa.

Nyingine ni vumbi, na hili ni la kwetu kabisa. Mashine za boti kwa kawaida hazina filta ya hewa kama pikipiki. Aliyezitengeneza alijua zitafanya kazi juu ya maji, hakuna vumbi huko. Sisi tunaijaribu mashine uani, mwezi wa tisa, upepo wa Dodoma unavuma na kuku wanapekua. Kila pumzi inavuta mchanga laini, na mchanga huo unasaga ringi na silinda kama jiwe la kunolea. Zijaribuni majini au mahali palipomwagiwa maji. Mkizisafirisha, zifunikeni midomo ya hewa. Na oili ile inayouzwa kwa kupimwa kutoka kwenye pipa, isiyo na jina wala namba, naomba tuiache. Kitabu kikisema 10W-30, ndiyo namba ya unene wa oili, nunua kopo lililofungwa lenye namba hiyo.

Mnaotaka kununua, nawapa maneno machache. Fika mapema, gusa silinda. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha ili moshi wa asubuhi usiuone. Rudi kesho. Ukikuta oili mpya inayong'aa na plagi mpya zinazong'aa kwenye mashine iliyochoka, omba uone plagi za zamani. Pima geji mbele yake. Kisha mwombe mwende majini saa nzima, lita mbili tatu za petroli zigharamie wewe, na mkirudi mpime stiki pamoja. Anayekataa hilo, mshukuru, vaa viatu vyako, ondoka.

Mashine ikifia katikati ya bwawa jioni, upepo umeanza, mawimbi yanapiga ubavuni na boti imejaa, hakuna kati yetu asiyejua kinachoweza kutokea. Kuna nyumba hapa zinazokijua zaidi. Oili ikiisha mashine haikuonyi kwa muda mrefu. Inakaza, inasimama. Ndiyo maana siwezi kulichukulia hili kama jambo la fundi na spana zake tu, na jaketi zile za kuokolea tafadhali zivaliwe, zisikaliwe.

Geji hii naiacha kwa katibu wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi ufukweni. Atakayeiazima aandike jina kwenye daftari na namba alizozipata, tuanze kuzijua mashine zetu kwa namba. Sasa tuteremke. Pipa limeshajazwa pale chini ya mti, na kijana wetu mmoja amekubali tuifunge mashine yake mbele ya watu wote. Amesema inakula oili na ameshaambiwa na mafundi wawili kuwa ni ringi. Mimi sijaigusa, sijui tutakuta nini. Mwenye kitambaa cheupe aje nacho.